Juu ya Ajali na Maradhi Yatokanayo na Kazi

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Bura)

  

Taarifa ya fedha mmekwisha kuisikia kwa Mtunza Hazina. Mmesikia kwamba fungu kubwa la msaada wetu huenda katika mazishi na katika kuwapeleka wagonjwa Hola na Garissa. Daftari la msaada lina safu nne: jina la mwanachama, kijiji chake, tarehe, na fedha alizopewa. Leo Halmashauri yaleta ombi kwamba iongezwe safu ya tano, nayo ni hii: alikuwa akifanya kazi gani alipoumia, au kabla ya kuugua? Ombi lenyewe ni dogo kwa maandishi, walakini twajua kwamba limekwisha kuzusha maneno barazani, na baadhi ya wazee wamesema waziwazi kwamba safu hiyo italeta fitina kati ya mwanachama na mwanachama. Kwa hiyo twaomba mtuvumilie tueleze asili yake, kisha mtaamua wenyewe.

Swali hili si letu sisi wa Bura, wala si la jana. Mwaka 1700 mganga mmoja wa mji wa Modena katika nchi ya Italia, jina lake Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya maradhi ya mafundi na wafanya kazi. Husimuliwa kwamba alianza kuyafikiri hayo alipomwona mtu aliyekuwa akizoa shimo la choo nyumbani kwake, naye anafanya haraka kupita kiasi. Akamwuliza mbona anajichosha hivyo, akajibiwa kwamba mtu akikawia humo macho humharibika. Tangu hapo Ramazzini akawaasa waganga wenziwe kwamba, pamoja na maswali yote waliyozoea kumwuliza mgonjwa, waongeze moja: Kazi yako ni nini? Utafiti wote wa siku hizi juu ya usalama wa kazini umejengwa juu ya swali hilo, kwani haiwezekani kuzuia jambo ambalo asili yake haikuandikwa.

Na sisi watu wa mto huu tunayo sababu ya kulithamini neno hilo kuliko wengine. Wazee walio hapa wanakumbuka, au waliambiwa na baba zao, yaliyotokea Hola, kusini mwetu, tarehe 3 Machi 1959. Watu waliokuwa wamezuiliwa huko kambini wakati wa Hali ya Hatari walilazimishwa kutoka kwenda kuchimba mifereji ya mashamba ya maji, wakapigwa na askari, na watu 11 wakafa. Tangazo la kwanza la Serikali ya wakati ule lilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi wa mahakama ukaonyesha kwamba walikufa kwa vipigo, na jambo hilo likafika mpaka Bunge la Uingereza mwezi wa Julai mwaka uleule. Hatusemi kwamba yale yalikuwa ajali ya kazini, yalikuwa dhuluma. Twayataja kwa kuwa sababu ya vifo iliandikwa uongo, na maji ya Tana yakasingiziwa, na kama isingefanywa kazi ya kuchunguza miili, huenda uongo huo ungalikuwa ndio historia.

Sasa tuje kwetu. Mradi wa Bura ulikubaliwa na Benki ya Dunia mwaka 1977, na jamaa za kwanza za wakulima wakawasili mwaka 1981, wametoka katika kila upande wa Kenya. Ilikusudiwa zije jamaa zaidi ya 5,000. Zilizokuja hazikufika nusu. Maji yalipandishwa kutoka mtoni kwa mashine za dizeli huko Nanighi, na habari za mashine hizo kuharibika hatuna haja ya kuwasimulia ninyi, maana ninyi ndio mliokauka nazo. Zao kubwa lilikuwa pamba. Wengi walitoka nchi za baridi, hawakuwa na kinga yoyote ya malaria, na wakaja kukaa kando ya mifereji. Waliofika mwanzo walizika watoto wengi. Ni haki kusema kwamba hayo nayo yalikuwa maradhi ya kazi, kwani ni kazi iliyowaleta watu mahali pa mbu.

Tuanze na dawa ya pamba, kwa sababu hapo ndipo utafiti uliofanywa nchini kwetu umesema wazi kabisa.

Katika lugha yetu neno dawa lina mambo mawili ndani yake: kile anachopewa mtoto mwenye homa, na kile kinachomwagwa juu ya pamba ili funza afe. Twafikiri neno hili limetudhuru. Mtu hawezi kukiogopa kitu kiitwacho dawa kama anavyokiogopa kiitwacho sumu, na ndiyo maana twaona chupa ya sumu imewekwa darini karibu na unga, na kopo lake limeoshwa likatekewa maji ya kunywa. Katika maneno yetu ya leo tutasema sumu, na mtatuwia radhi.

Nyingi katika sumu za kuulia wadudu zilizotumika katika pamba ni za jamii moja, na zote humdhuru mtu kwa njia moja. Neva inapotaka msuli usogee hupeleka amri, na amri hiyo hupelekwa kwa kitu fulani kinachomwagika kati ya neva na msuli. Kazi ikiisha, kimeng'enya kilichomo mwilini hukifuta kile kitu, na msuli hupumzika. Sumu hizi hukishika kile kimeng'enya kisifanye kazi, na amri haifutwi. Basi mate hutoka bila kukoma, machozi na jasho vivyo hivyo, mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, tumbo hukata, mtu hutapika, misuli hutetemeka yenyewe, na mwisho kifua hubana. Katika nchi ya homa kama hii yetu, kijana aliyenyunyiza tangu asubuhi akatapika jioni huambiwa ana malaria, akapewa dawa za malaria, na kesho yake akipata nafuu kidogo hurudi shambani na bomba mgongoni. Kama hakuna aliyemwuliza kazi aliyoifanya, hapana atakayejua.

Kati ya mwaka 1993 na 1995 watafiti wa Kenya, akiwemo Grace Ohayo-Mitoko, waliokuwa katika kundi moja na wenzao wa Tanzania na Uganda, walikipima kimeng'enya hicho katika damu ya watu wa mashambani. Walichukua watu 390 wanaoshika sumu na watu 276 wasioishika, wakawapima kabla ya majira ya kunyunyiza, kisha wakawapima tena wakati wa kunyunyiza, ili kila mtu alinganishwe na nafsi yake. Walikwenda kwa wakulima wa maua huko Naivasha, wa mboga huko Wundanyi, wa tumbaku huko Migori, na wa pamba huko Homa Bay. Matokeo yakachapishwa mwaka 1997. Wasioshika sumu walishuka kwa asilimia 4 tu, jambo ambalo si kitu. Walioshika sumu walishuka kwa wastani wa asilimia 33. Wakulima wa pamba wa Homa Bay, ambao ndio wenzetu hasa, walishuka kwa asilimia 35. Na watu 115, yaani karibu watatu katika kila kumi, walikuwa wameshuka chini ya asilimia 60 ya kiwango chao cha kawaida.

Twaomba mlifikiri jambo moja katika hesabu hiyo. Wale watu hawakuwa wamelala hospitali. Walikutwa kazini, wakitembea na kusema, na wengi wao wangaliulizwa habari wangesema nzuri. Sumu ilikuwa imekwisha kuingia damuni mwao na theluthi ya kinga yao imekwenda, nao wanajiona wazima. Kwa hiyo asemaye, "Mimi nimenyunyiza miaka 20 na sijaona kitu," hasemi uongo, ila hasemi habari za damu yake.

Na huingiaje? Watu wengi hudhani ni kwa pua, ndiyo maana wakijilinda hujifunga kitambaa mdomoni wakaona wamemaliza. Katika kazi ya bomba la mgongoni sumu nyingi hupita katika ngozi. Kifuniko cha bomba huvuja, mgongo hulowa. Mpira wa bomba huvuja, mkono hulowa. Mtu huenda mbele akiifuata ile aliyokwisha kuinyunyizia, na mimea iliyofika kifuani humpaka suruali yote. Kitambaa cha mdomoni kikilowa hugeuka kuwa kitambaa cha kumpakia sumu usoni. Kisha huenda nyumbani na nguo zilezile, akakaa, akala, na usiku mke wake au binti yake huzifua kwa mikono mitupu pamoja na nguo za watoto.

Watafiti wa mambo ya usalama wa kazi wamezipanga njia za kinga kwa daraja, na daraja hizo twaziona ni za akili. La kwanza ni kuuliza kama hatari yenyewe yaweza kuondolewa. Mkulima anayenyunyiza kwa kuhesabu siku hunyunyiza hata pasipo na funza. Anayekwenda kwanza kuhesabu funza katika mimea michache ya kila upande hupunguza safari za bomba. Mwezi wa Desemba 2019 Serikali ilikubali kulimwa kwa pamba ya mbegu mpya iliyotengenezwa ili funza wa vitumba asiweze kuila. Wenye maneno juu ya mbegu hizo ni wengi na sisi hatuingii humo, ila kwa habari ya bomba, kila safari inayopungua ni faida ya mnyunyizaji. La pili ni kubadili: utepe wa rangi chini ya karatasi ya chupa huonyesha ukali, nyekundu ndiyo kali kupita zote, kisha manjano, kisha buluu, kisha kijani. Asiyejua kusoma anajua rangi. La tatu ni chombo kizima kisichovuja. Nguo na mipira ya mikono huja mwisho, si kwa kuwa hazifai, bali kwa kuwa zategemea mtu azivae katika joto la Bura saa nne za asubuhi, na sote twajua kwamba atazivua.

Iwapo mtu ameshikwa na sumu, avuliwe nguo zote, aoshwe mwili na nywele kwa maji mengi na sabuni, apelekwe hospitali upesi, na karatasi ya chupa iende naye, kwani daktari akiijua sumu anajua la kufanya. Iko dawa iitwayo atropini inayopingana na sumu za jamii hii. Kumnywesha maziwa, kama tulivyozoea, hakuiondoi sumu iliyokwisha kuingia damuni, na mtu anayetapika huweza kupaliwa nayo.

Hayo ni ya mashamba ya maji. Lakini nusu ya mkutano huu ni wenye mifugo, na twawaona wazee wengine wanatutazama kana kwamba maradhi ya kazi ni mambo ya wenye mabomba. Sivyo, wazee wetu. Katika nchi hii maradhi ya kazi yaliyoua watu wengi kwa muda mfupi yalimpata mchungaji na mchinjaji.

Mvua za mwisho wa mwaka 2006 mnazikumbuka. Kati ya mwezi wa Novemba 2006 na Machi 2007 homa ya Bonde la Ufa iliwapata watu 684 katika Kenya kwa hesabu iliyotangazwa, na 155 katika hao wakafa. Garissa ndiyo ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia zaidi. Virusi vya ugonjwa huu vilijulikana kwanza Naivasha, kwa wana-kondoo, mnamo mwaka 1930, na huja pamoja na mafuriko kwa sababu iko aina ya mbu hutaga mayai yake katika mabonde makavu. Mayai hukaa miaka yakingoja maji, na mvua ikijaza mabonde mbu hutoka kwa pamoja. Walakini wengi katika wagonjwa waliozidiwa hawakupatwa kwa mbu. Uchunguzi uliofanywa wakati huo juu ya waliougua sana na waliofariki ulionyesha mambo yaliyowatofautisha na wengine: kuwa mchungaji, kushika au kula vitu vya mnyama mgonjwa, na kugusa kilichotupwa na mnyama aliyeharibu mimba. Hayo ni mambo ya kazi. Mchungaji ndiye anayemvuta ndama aliyekwama. Ndiye anayeikokota mimba iliyoharibika aitupe mbali na zizi.

Na liko jambo ambalo wageni hawalijui, nasi yatupasa kulisema kwa uwazi. Mnyama akiugua, mwenyewe huharakisha kisu kabla roho haijatoka, ili nyama isiwe mzoga ikawa haramu na mali ikapotea. Nia ni njema na sheria ya dini imefuatwa, lakini damu ya mnyama mwenye homa hiyo ikiwa bado ina joto ndiyo yenye hatari kupita zote, na aliyeshika kisu ni mara nyingi kijana aliyeitwa tu asaidie. Hatuwaambii masheikh la kusema. Twawaomba waliangalie jambo hili pamoja na maafisa wa mifugo kabla ya mafuriko mengine, maana maneno yao husikilizwa mahali ambapo ya kwetu hayafiki. Mwisho wa mwaka 2023 maji yalijaa tena Garissa na Tana River, na yatarudi.

Sasa sikilizeni habari ambayo imetufurahisha kuliko zote tulizosoma. Watafiti waliokuwa na wenzao wa taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, mmoja wao Christine Jost, walikuja Garissa na Ijara baada ya ugonjwa ule, wakakaa na wachungaji wa Kisomali, wakawauliza. Matokeo yao yalitoka mwaka 2010. Wakaona kwamba wachungaji walikuwa na jina la ugonjwa, sandik, yaani pua itokayo damu, na waliujua kwa dalili zake. Na ya kuwa wao, kwa kuitazama mvua isiyo ya kawaida na wingi wa mbu, walikuwa wametambua kwamba huenda ukaja kabla ya maafisa kutambua. Wakapiga hesabu: tangu mvua kubwa kuanza mpaka makundi ya mbu kutokea ni karibu siku 24; tangu mbu mpaka mnyama wa kwanza kuugua ni karibu siku 17; na tangu mnyama wa kwanza kuugua mpaka idara ya mifugo kufika mahali hapo ni yapata siku 60. Tafadhali zijumlisheni. Wazee walikuwa na majuma mengi ya kujua, na ujuzi huo ulikaa zizini kwa sababu haukuwa na mahali pa kuandikwa. Wapo wasemao utafiti ni kazi ya watu wa mbali wenye vioo vya kukuza. Katika jambo hili, mvua na mbu vilihesabiwa na wazee wenye fimbo.

Ya mchungaji kufanya si mengi. Kilichotupwa na mnyama kisiguswe kwa mkono mtupu; hata mfuko wa nailoni mzima uliofungwa mkononi ni afadhali kuliko ngozi, kisha kifukiwe au kichomwe moto. Mnyama mgonjwa asichinjwe. Maziwa yachemshwe, hata kama wazee hawapendi ladha yake. Na kuchemsha huko huzuia vilevile ile homa ya kutupa mimba isiyoisha, ambayo humlegeza mtu viungo miezi na miezi na kila mara huitwa malaria sugu. Chanjo ya mifugo hufaa ikitangulia mafuriko, si ikiyafuata.

Mengine tutayapita kwa haraka. Mathenge, mti ulioletwa hapa na Hola mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili tupate kuni, umetuzidi nguvu. Wenzetu wa Baringo waliufikisha mahakamani mwaka 2006, wakampeleka na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula tunda lake awe shahidi, na twasikia alisimama vizuri kuliko mashahidi wengi. Kwa mchoma makaa na mfyeka mifereji, mwiba wa mathenge hupenya kandambili na kuacha kidonda kirefu kisichoonekana. Huyo apewe chanjo ya pepopunda kabla ya kidonda, si baada. Juu ya nyoka: Shirika la Afya Duniani liliyaweka maumivu ya kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwezi wa Juni 2017, na waumwao wengi ni wakulima na wachungaji, mguuni au mkononi. Buti na tochi ndiyo kinga. Aliyeumwa asichanjwe wembe wala asifungwe kamba. Atulizwe, kiungo kisisogezwe, apelekwe. Juu ya jua: huko El Salvador na Nicaragua wakata miwa vijana wamekufa kwa maradhi ya figo, na utafiti umeyaunganisha na kazi ngumu katika joto bila maji ya kutosha, kinga iliyojaribiwa huko ni maji, kivuli na mapumziko ya saa maalumu. Hivyo vitatu vyapatikana Bura bila fedha za kigeni, ila kivuli tu hupungua kadiri tunavyokata miti.

Twaja kwenye fitina.

Ziko sheria mbili za mwaka 2007, moja ya usalama na afya kazini, na moja ya fidia kwa aliyeumia kazini. Hizo zilichukua mahali pa sheria za zamani tulizorithi kwa wakoloni. Ile ya fidia ilipingwa mahakamani miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoithibitisha tarehe 3 Desemba 2019. Yasema kwamba aliyeumia kazini, au aliyepata maradhi yatokanayo na kazi, analipwa bila kulazimika kuthibitisha kosa la mwajiri. Aliyefariki au aliyelemaa kabisa, fidia yake ni mshahara wa miezi 96. Mwajiri hana budi kumpasha habari Mkurugenzi wa usalama na afya kazini katika siku saba tangu kupata habari ya ajali, na madai yapaswa kuletwa katika miezi 12. Vifaa vya kujikinga hutolewa na mwajiri, wala havikatwi katika mshahara. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Tena sheria haibagui kati ya aliyeajiriwa daima na kibarua; mtu anafanya kazi ya mtu kwa ujira, basi.

Katika haya pana sehemu mbili zenye uchungu. Ya kwanza, mkulima wa mradi si mwajiriwa. Analima kwa mkono wake na kwa hasara yake, na akiumia shambani mwake hapana wa kumlipa. Kwake yeye hakuna ila hazina hii yetu. Ya pili, mkulima huyohuyo akimwita kijana wa jirani anyunyize kwa ujira wa siku, amekuwa mwajiri. Mwenye ng'ombe aliyemweka mchungaji kwa mshahara ni mwajiri. Hapo ndipo wazee waliposema kwamba safu ya tano italeta fitina, kwa maana siku moja itaandikwa, "alikuwa akinyunyiza shamba la fulani," na fulani huyo yumo ndani ya mkutano huu, tena huenda ndiye aliyetoa kondoo wa matanga.

Halmashauri haikuidharau hoja hiyo. Tuliizungumza mara tatu. Wengine kwetu walisema jina la mwenye shamba lisiandikwe, iandikwe kazi tu. Wengine wakasema kazi bila mahali haimfai mjane atakayekwenda kudai katika miezi 12. Tulichokubaliana, na ndicho tunachokileta mbele yenu, ni hiki: daftari la msaada liandike kazi, chombo au mnyama aliyekuwa akishughulika naye, na saa; jina la mwenye kazi liandikwe katika karatasi nyingine itakayokaa kwa wazee watatu mtakaowachagua leo, na isitolewe ila kwa aliyeumia mwenyewe, au wategemezi wake, wakiitaka. Wazee hao watakuwa na kazi ya kumwendea mwenye shamba au mwenye mifugo kwanza, kwa maneno ya heshima, kabla jambo halijafika kwa afisa yeyote. Kadhalika tumekubaliana kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 asinyunyize sumu katika shamba la mwanachama, awe kibarua au awe mwana wa mwenye shamba. Kwa hilo hatuombi kura, kwa kuwa ndivyo sheria isemavyo; tunaombea macho yenu.

Mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na baada ya vuli, Katibu atayatoa majumla yasiyo na majina na kuyapeleka kwa mganga wa kituo cha afya na kwa afisa wa mifugo: wangapi waliumia kwa bomba, wangapi kwa panga, wangapi kwa nyoka, wangapi waliugua baada ya kuchinja. Wakiona hesabu imepanda mahali pamoja, watajua pa kwenda kutazama, wala hawatangoja siku 60.

Daftari jipya lipo mezani mbele ya Katibu, limekwisha kupigwa mistari mitano, na ule wa tano umepigwa kwa penseli. Bwana Mwenyekiti, twaomba ufungue mjadala, na uanze na wale wanaoipinga.